Taya la Umoja

Palikuwa na kiangazi na palikuwa na Fisi, na wazee wa Majikando mpaka leo hawajakubaliana kipi kilikuwa kibaya zaidi. Kiangazi angalau kilikuwa hakisemi uongo. Kilikuja waziwazi, kikakausha mto, kikakausha majani, kikawakausha wenye damu mpaka mbavu zikaonekana, wala hakikumwita mtu ndugu. Fisi yeye alikuwa anakuita ndugu huku anakutazama paja.

Majikando ilikuwa wilaya ya wanyama, na mkuu wake alikuwa Simba. Tena alikuwa mkuu kwelikweli, hasa wa kukaa. Asubuhi alikaa juu ya jiwe lake, mchana akahama na kivuli, jioni akanguruma kidogo ili watu wasije wakasahau. Maji ya wilaya nzima yalitoka kwenye kisima kimoja, ambacho Mzee Muhanga alikichimba kwa kucha zake, na sasa kisima hicho kilikuwa kinatoa tope, tena tope lenyewe kwa kubembelezwa. Ndama walikuwa wanalamba mawe.

Juu ya kilima, kwenye wilaya jirani ya Mwinuko, kulikuwa na bwawa lisilokauka, na wenye kulilinda walikuwa tembo. Tembo si wachoyo. Lakini kiangazi cha nyuma waliwafungulia wote waliokuja, wakaja wezi, wakaja waongo, wakaja na wale wanaojisaidia humohumo majini, bwawa likawa halinyweki. Safari hii Mama Tembo, mkubwa wao, alituma neno.

"Waambieni Majikando waje na ngao yenye nembo ya wilaya yao. Kila aliyechorwa juu yake atasimama mlangoni, aeleze alama yake maana yake nini, na watu wake wawe wanasikia. Wakimkubali, ataingia kunywa mbele ya wengine. Wenzake watafuata. Maji hatuuzi, ila tunataka kumjua tunayemfungulia."

Ataingia kunywa mbele ya wengine! Fisi aliposikia hayo, masikio yalimsimama. Tangu azaliwe hajawahi kunywa mbele ya mtu. Pale kisimani alikuwa anawekwa mkiani siku zote, na wala haikuwa chuki. Ni kwamba hakuna aliyetaka kunywa mahali lilipopita domo lile, likiwa na kila alichokuwa amekula tangu juzi. Basi yeye akawa anakunywa yaliyoachwa na kwato za wenzake, mwaka hadi mwaka, na moyoni anaungulika. Siku ile akaapa: safari hii, hata kama itabidi anyang'anye, yeye atakuwa mbele.

Ngozi ya kutengenezea ngao ilikuwepo. Mwanzoni mwa kiangazi alifariki Bibi Mbogo, aliyekuwa akiwaongoza ndama wote kwenda majini. Aliangukia njiani, akitafuta kidimbwi ambacho hakikuwepo tena. Kabla hajakata roho alimwambia mjukuu wake, Mbogo, "Mjukuu wangu, nyama yangu haina kitu tena. Ngozi lakini ni nzima. Itunzeni, iwafae watoto." Wakaitunza. Bibi mwenyewe wakamzika chini ya mawe mazito, na uzito wa mawe yale ulikuwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, sina haja ya kumtaja. Mtu huyo alilia msibani kuliko wafiwa wote. Ila waliosimama karibu naye wanasema mate yalikuwa mengi kuliko machozi.

Simba akaitisha mkutano wa nembo. Kazi ya kuchora alipewa Sungura, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi na akili nyepesi zaidi.

"Katikati niwe mimi," alisema Simba.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na juu?"

"Juu pia uwe wewe?"

"Nilikuwa nafikiri hivyo. Na pembeni, kama itabaki nafasi."

"Mheshimiwa," alisema Sungura kwa adabu zote, "ukijaa peke yako, tembo watauliza wilaya iko wapi."

Simba akakubali kichwa kimoja cha katikati, ila chenye manyoya yote, usipungue hata unyoya mmoja. Maana yake, alisema, ni ujasiri. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kisa chochote cha kumkubalia wala cha kumkatalia. Wakakubaliana pia kuhusu pembe za Mbogo, kwamba maana yake ni ulinzi, kwani mbogo ndio wanaowazunguka ndama mbwamwitu wakija. Chini kabisa wakaweka kucha za Mzee Muhanga, maana yake maji. Hilo lilipita bila maneno, kwa sababu wote walikuwa wamekunywa maji yake asubuhi ileile.

"Kuna mwingine?" aliuliza Sungura.

"Mimi," alisema Fisi.

Kicheko kikapigwa mpaka vumbi likatimka. Mbogo akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe? Wewe una maana gani?"

Fisi hakukasirika. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameisema hotuba yake mbele ya kichuguu tangu alfajiri, na kichuguu kilikuwa kimeikubali.

"Ndugu zangu," alianza, "nitazameni taya. Taya hili ni umoja. Likishika haliachii, na wilaya inayoshikana haiachani. Nitazameni madoa. Kila doa ni kijiji cha Majikando, na vijiji vyote hivi, ndugu zangu, vimekaa kwenye ngozi moja bila kugombana. Na kicheko changu je? Kicheko changu ni amani, maana nani amewahi kupigana huku anacheka?"

Mnajua tena neno umoja lilivyo. Likitamkwa hadharani shingo zinalegea zenyewe, vichwa vinaanza kwenda chini na juu hata kama mwenye kulitamka ana mfupa wa jirani kwapani. Vichwa vikaanza kwenda chini na juu.

"Maneno matamu, mjomba," alisema Sungura, "ila nafasi zimejaa."

"Basi tutazame nani hastahili," alisema Fisi, na akamgeukia Muhanga. "Kucha za kuchimba! Tembo wakiona kucha zinachimba watasema nini? Watasema kaburi. Jamani, twende kuomba maji na picha ya kaburi? Huo si uchuro?"

"Kisima hicho umekunywa mwenyewe," alisema Muhanga.

"Nimekunywa tope lake, mzee wangu. Maji wamekunywa wengine."

Kisha akajisogeza karibu na Simba, akainama mpaka sikioni. "Halafu zile kucha, Mheshimiwa. Sijui kama umeona. Sungura amepanga kuzichora ndefu kuliko zako."

Simba akazitazama kucha za Muhanga. Akazitazama zake. Kweli zilikuwa fupi, na tena butu, kwa kukosa kazi. Akanguruma kwamba kwa maslahi ya wilaya Muhanga atolewe, Fisi aingie.

Mbogo aliruka juu. "Mheshimiwa, huyu mzee ndiye aliyetuweka hai mpaka leo!"

"Nimesema."

Muhanga hakubishana. Alijipangusa vumbi puani, akasema, "Haya, mimi nina kazi," akarudi kisimani kukwangua tope. Sungura naye alimtazama Simba, akamtazama Fisi, kisha akaanza kuikunja ngozi ya Bibi Mbogo taratibu.

"Amri ni amri," alisema. "Mjomba Fisi, nitakuchora vizuri, mwenyewe utajipenda. Ngoja niipeleke ngozi nyumbani kwanza nikaikate. Ngozi ya mbogo ni kubwa mno kwa ngao moja."

Fisi hakuyajali maneno hayo ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kujiona yuko mlangoni kwa tembo, anapita mbele ya Mbogo, mbele ya swala, mbele ya wote waliomwambia rudi nyuma.

Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa imewambwa kwa vigingi juu ya mwamba bapa, imekatwa umbo la ngao, imechorwa kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi. Fisi alifika kabla ya wote. Alikuta kichwa cha Simba katikati na pembe za Mbogo juu, lakini hivyo hakuvitazama. Alijitafuta mwenyewe mpaka akajipata, pale chini, amechorwa akiwa ameachama, na madoa yake yote.

"Taya liongeze," alisema.

"Likiongezeka hapa litavuka ngozi, mjomba."

"Liongeze tu. Umoja hauna mpaka."

Sungura akaliongeza. Alipomaliza alichukua kibuyu kidogo, akaanza kuipaka ngozi mafuta, kuanzia ukingoni kuelekea kati, polepole, kila mkunjo. Harufu ikaanza kutambaa juu ya mwamba. Pua ya Fisi ikacheza.

"Mafuta ya nini hayo?"

"Ngozi isipopakwa mafuta itapasuka jua likiwaka. Si unaijua desturi yetu."

"Naijua, naijua. Ni ya nani lakini?"

"Ya Bibi mwenyewe. Kidogo alichokuwa amebakiza."

Fisi akameza mate. Sungura akawa kama hakuona.

"Na desturi ya ulinzi pia unaijua," aliendelea Sungura. "Aliyechorwa mwisho ndiye anayelinda ngozi mpaka jua litue, kunguru wasidonoe, mchwa wasipande. Alfajiri tunaondoka kwenda Mwinuko. Au nimwite Mbogo akushikie zamu? Maana leo kutwa hutakwenda kutafuta chakula."

"Mbogo wa nini!" alifoka Fisi. "Alama ni yangu, na ulinzi ni wangu. Nendeni zenu kivulini."

Nao wakaenda zao kivulini, kwa sababu jua la siku ile halikuwa la mchezo. Fisi akabaki peke yake na mwamba, na njaa, na Bibi Mbogo aliyepakwa mafuta.

Nataka niwe mkweli kwake, ingawa yeye hakuwahi kuwa mkweli kwa mtu: alijitahidi. Alikaa akiipa ngozi mgongo. Akahesabu mawe. Akajisomea hotuba yake ya mlangoni, "Taya hili ni umoja," akairudia, na kila alipofika kwenye neno taya, taya lenyewe lilikuwa likitafuna upepo.

Jua lilipopanda, mafuta yakaanza kuyeyuka. Tone moja likateleza mpaka ukingoni, likaning'inia pale, linang'aa.

"Likidondoka litaharibika," alisema Fisi, akalilamba.

Sasa ulimi ulikuwa umeshafika. Ulimi wa Fisi ukishafika mahali haurudi mikono mitupu. Akalamba na pembeni ya lile tone. Akalamba ukingo wote, kuzunguka. Ukingo ukalainika, na kitu kilicholainika mdomoni mwa Fisi kinajulikana kinakoishia.

"Ukingo si ngao," alijiambia huku akitafuna. "Ngao ni kile kilicho katikati."

Akafika kwenye pembe za Mbogo. Akasimama kidogo, akawaza kama mtu mwenye dhamana. "Pembe za Mbogo nani asiyezijua? Anakwenda nazo mwenyewe mlangoni, ziko kichwani. Kuzichora ni kurudia." Zikashuka, moja baada ya nyingine.

Akafika kwenye manyoya ya Simba. "Manyoya si kichwa," alisema, na manyoya yakaenda, yale yale ambayo hata unyoya mmoja haukutakiwa kupungua. Kichwa kikabaki kipara katikati ya ngozi, kinatia huruma. Fisi akakitazama kwa uchungu wa kweli. "Lo, Mheshimiwa wetu aende hivi mbele ya watu? Hii ni aibu. Heri nimsitiri." Akamsitiri.

Mwishowe akajikuta uso kwa uso na yeye mwenyewe. Kilikuwa kimebaki kipande cha upana wa kiganja, na juu yake Fisi wa udongo na masizi, ameachama, taya limeongezwa, madoa yote yapo. Mafuta bado yalikuwa yanang'aa pale. Fisi akafungua kinywa. Kisha akakifunga.

"Hapana," alisema. "Nikijila mimi, nani atakunywa mbele?"

Tena alikuwa amechorwa vizuri, hilo Sungura hakumdanganya. Akajilaza ubavuni pa picha yake, tumbo limemjaa kama ngoma, akalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kilichomwamsha ni kwato. Jua lilikuwa linatua na Majikando nzima ilikuwa imeuzunguka mwamba. Vigingi vilikuwa vimesimama duara, vimeshika hewa.

Mbogo alisogea mpaka kwenye kile kipande, akakinusa, akasema, "Bibi," na dume lile zima, lenye shingo pana kuliko mlango, likaanza kulia mbele ya watu bila kuficha uso. Ndama waliokuwa nyuma yake hawakuelewa analia nini, ila walijua wana kiu, wakalia pia.

"Kichwa changu kiko wapi?" alinguruma Simba.

"Chako unacho, Mheshimiwa," alisema Sungura. "Kilicholiwa ni kile kizuri."

"Mchwa!" alipiga kelele Fisi, ameruka wima. "Mchwa, ndugu zangu! Wametoka ardhini kama jeshi. Nimepigana nao kutwa! Tazameni nilivyochoka!"

Wakalitazama tumbo lake. Sungura akapanda mwambani, akakizunguka kipande kwa makini, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Sijawahi kuona mchwa wenye heshima kama hawa," alisema. "Wamekula kichwa cha mkuu wa wilaya. Wamekula pembe za mbogo. Wamefika kwa mjomba Fisi, wakapiga hodi, wakaona amepumzika, wakarudi zao."

"Labda waliogopa taya," alisema Fisi.

"Na mafuta yaliyo kwenye ndevu zako ni ya mchwa gani?"

Fisi akajifuta kwa mkono, kisha akaulamba ule mkono mbele ya wote. Hakuweza kujizuia, maskini wa Mungu. Mnong'ono ukapita, na Mbogo akaanza kukwaruza ardhi kwa kwato.

Hapo mwingine yeyote angeomba radhi au angekimbia. Fisi alijaribu jambo la tatu, ambalo lilimjia kichwani wakati huohuo na likamfurahisha.

"Ndugu zangu, tusilie," alisema. "Tutazame upande mzuri. Nembo si bado ipo? Imepungua tu. Nipelekeni mimi mlangoni. Nitanywa kwanza, na nikishakunywa nitawaombea."

"Na ndama je?" alifoka Mbogo, machozi bado yanamtiririka. "Kisima kimekauka mchana huu, umesikia? Muhanga amefika kwenye jiwe. Kesho ndama watakunywa nini? Watakunywa umoja?"

Simba aliinamisha kichwa. Ndiyo mara ya kwanza Majikando kumwona Simba akiwa na haya, na kusema kweli haikumpendeza, hakuizoea. Alijua nani aliyeamuru Fisi aingie, na alijua watu wanajua.

Sungura akateremka mwambani, akaenda nyuma ya kichaka, akarudi akikokota kitu kipana kilichofunikwa kwa majani. Akayaondoa majani. Ilikuwa ngao kamili: kichwa cha Simba na manyoya yake, pembe za Mbogo, na chini kabisa kucha za Mzee Muhanga, zinachimba, na maji yanatoka.

"Niliwaambia ngozi ya mbogo ni kubwa mno kwa ngao moja," alisema Sungura. "Nikaikata mbili. Nusu moja nikaichora walivyotaka watu, nusu nyingine nikaichora alivyotaka mjomba."

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Simba.

"Ningekuambia, Mheshimiwa, ungeniamuru nimchore kwenye zote mbili."

Simba akakohoa. Mbogo akaigusa ile ngao kwa pua. "Lakini ulimwachia nusu ya Bibi," alimwambia Sungura. "Ulijua ataila."

"Sikujua," alijibu Sungura, na safari hii hakuwa anatania. "Nilimwona msibani, nikashuku. Laiti angeilinda siku moja tu, kesho ningemkabidhi nusu hiyo aipeleke mlangoni, na mimi ningemwomba radhi mbele yenu wote. Nisamehe, kaka Mbogo."

Fisi aliyasikia hayo, yakamwingia. Siku moja tu! Lakini hakujilaumu, maana hakuwa na mazoea. Alimlaumu aliyetia mafuta.

"Basi, nisameheni na mimi," alisema, "na tuyasahau."

"Hapana," alisema Simba, aliyekuwa amepata tena sauti yake na anatafuta wa kumtolea. "Wewe ulitaka kuchorwa, na umechorwa. Neno la tembo liko wazi: kila aliyechorwa atasimama mlangoni aeleze alama yake. Kivae."

Wakamfunga kile kipande shingoni kwa kamba ya mkonge.

Alfajiri walipanda Mwinuko. Mama Tembo alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake bwawa limetulia, na harufu ya maji ikawajaa puani. Hakuna aliyekimbia. Simba alisimama, akasema kichwa chake maana yake ni ujasiri. Watu wake wakakubali, kwa sauti ya chini, kwa kuwa kiu haitaki ubishi. Mbogo akasema pembe zake maana yake ni ulinzi, na hapo sauti zikapanda.

"Na wewe, mzee?" Mama Tembo alimuuliza Muhanga.

"Mimi nachimba."

"Maana yake nini?"

"Wanakunywa," alisema Muhanga, na hakuna aliyeweza kusikia kama aliongeza neno jingine, kwa kelele walizopiga Majikando.

"Na ngozi yenyewe ni ya nani?"

Mbogo akaeleza ni ya nani, na aliangukia wapi, na alikuwa anatafuta nini alipoanguka. Mama Tembo akaipapasa ngao kwa mkonga wake, kuanzia juu mpaka chini, kisha akaondoka mlangoni. Muhanga na Mbogo walikuwa na haki ya kutangulia. Walisogea pembeni, ndama wakapita.

Simba alitangulia, kwa sababu yeye ni Simba.

Watu walipokuwa wanapita, Fisi alijaribu kujipenyeza katikati ya swala, kichwa chini. Mkonga ukamzuia.

"Wewe mwenye kipande shingoni. Ni cha wilaya gani?"

"Majikando, Mama."

"Umechorwa nini hapo?"

"Taya."

"Maana yake?"

Fisi akageuka. Nyuma yake na mbele yake watu wote walikuwa wamesimama, wengine midomo inadondosha maji, wanamngoja. Hotuba yake yote, madoa na vijiji na amani, ilikuwa imemtoka. Lilikuwa limebaki neno moja.

"Umoja," alisema.

Mama Tembo akainama, akakitazama kile kipande kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Taya naliona. Umoja wenyewe uko wapi?"

Fisi akasema kitu kwa sauti ya kwikwi.

"Sema wasikie na walioko nyuma."

"Nimeula, Mama."

Jamani, Majikando wakacheka! Walicheka mpaka waliokuwa wanakunywa wakapaliwa, Mbogo akacheka na machozi yake ya jana, hata Simba akacheka ingawa na yeye alikuwa humo tumboni. Na kicheko kile hakikuwa cha amani hata kidogo.

"Watu wake mnamkubali?" aliuliza Mama Tembo walipotulia.

Hakuna aliyejibu.

"Sisi mtu hatumnyimi maji," alisema Mama Tembo. "Kaa hapo. Wenzako wakimaliza, utaingia unywe hapa hapa mlangoni."

Akakaa. Aliwaona wakinywa wote, wakubwa kwa wadogo, na aliona kila ukwato ulivyokuwa ukikoroga ukingo wa bwawa pale pale mlangoni, mahali pekee aliporuhusiwa kufika. Zamu yake ilipofika aliinama, na kipande cha ngozi kikatangulia kuzama, picha yake ikalowa kabla yake, udongo mwekundu ukaanza kutoka. Akanywa lilelile tope alilokuwa akinywa tangu azaliwe.

Ndama mmoja wa Mbogo alikuwa anapita, tumbo limemjaa maji. Fisi akainua uso wenye tope na rangi ya taya lake mwenyewe.

"Hata pole hamniambii?"

Ndama akamtazama, akatazama kile kipande, akaenda zake kwa wenzake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.